Je, Wajua? Ukivuka Miaka 26 Bila Kuvuta

Je, wajua kuwa ni nadra sana mtu kuanza kuvuta sigara akiwa ameshapita miaka 26?

Mwaka 2012 Mganga Mkuu wa Serikali ya Marekani alitoa ripoti nene kuhusu tumbaku na vijana. Ndani yake mna hesabu ambayo natamani ibandikwe kwenye mbao za matangazo za kila chuo. Kati ya watu wazima wanaovuta kila siku, karibu 9 katika kila 10 walionja sigara ya kwanza kabla ya kutimiza miaka 18. Walipofika miaka 26, watu 99 katika kila 100 walikuwa wameshaionja. Wanaoanza wakiwa na miaka 30 au 40 ni wa kuhesabika.

Tazama sasa miaka hiyo imeangukia wapi katika maisha ya kijana wa kwetu. Ni miaka ya kumaliza sekondari, ya kuingia mwaka wa kwanza chuoni, ya kulala mbali na macho ya wazazi kwa mara ya kwanza. Ndiyo miaka ya kupokea bumu, yaani fedha za kujikimu chuoni, na kuamua mwenyewe litumike vipi, ya mafunzo kwa vitendo, ya mshahara wa kwanza. Kijana akikivuka kipindi hicho bila kuonja, biashara ya tumbaku imemkosa, na yaelekea imemkosa maisha yake yote.

Wenye biashara walilijua hilo zamani. Februari 1984, ndani ya kampuni ya R.J. Reynolds ya Marekani, uliandikwa waraka wa ndani kuhusu soko la vijana. Ulikokotoa kwamba chini ya theluthi moja ya wavutaji huanza baada ya miaka 18, na asilimia 5 tu huanza baada ya miaka 24. Kutokana na hesabu hiyo ukasema wazi kwamba vijana ndio chimbuko pekee la wateja wa kujaza nafasi za wanaoacha na wanaokufa. Nyaraka kama huo zilianikwa hadharani kutokana na kesi ambazo majimbo ya Marekani yaliyafungulia makampuni ya sigara, kesi zilizoishia kwenye maafikiano ya mwaka 1998. Leo mamilioni ya kurasa hizo yamehifadhiwa katika maktaba ya Chuo Kikuu cha California, San Francisco, na mwenye intaneti yeyote anaweza kuzisoma. Nawasihi wanafunzi wa masoko na wa sheria wazisome. Hakuna kitabu cha darasani kitakachowaonyesha kwa uwazi namna hiyo jinsi kijana anavyopigiwa hesabu na watu asiowajua.

Je, wajua kuwa vijana wa vyuoni ndio waliopiga hatua tatu kubwa katika historia ya nikotini?

Hatua ya kwanza ni ya mwaka 1828, mjini Heidelberg, Ujerumani. Posselt, aliyesomea udaktari, na Reimann, mwanakemia, walifanikiwa kuitoa nikotini kwenye jani la tumbaku na kuibakiza peke yake, ikiwa kimiminika. Wakaitambua kuwa ni sumu. Jina lake lilitokana na la Jean Nicot, balozi wa Ufaransa mjini Lisbon, ambaye mwaka 1560 aliipeleka tumbaku kwa watawala wa nchi yake akiisifu kuwa ni dawa.

Hatua ya pili ilimhusu James Bonsack wa Virginia, Marekani. Enzi hizo sigara zilisokotwa kwa mkono, na fundi hodari alimaliza siku akiwa na sigara 3,000 hivi. Kampuni moja ya Richmond ilikuwa imetangaza zawadi ya dola 75,000 kwa atakayebuni mashine ya kusokota. Bonsack aliacha masomo yake katika Roanoke College akajifungia na vyuma vyake, na mwaka 1881 akapewa hataza. Alikuwa na miaka 21. Mashine yake ilitoa sigara 120,000 kwa saa 10, yaani kazi ya mafundi 40. Kabla yake sigara ilikuwa kitu kidogo mbele ya kiko, ugoro na tumbaku ya kutafuna. Baada yake ikawa bidhaa ya bei nafuu inayotafuta midomo ya kuivuta, na matangazo ya kuitafutia midomo hiyo yakazaliwa.

Aliyefaidi mashine hiyo kuliko wote ni James Buchanan Duke wa North Carolina. Mwaka 1924 alitenga dola milioni 40, na sehemu kubwa ya fedha hizo ikakigeuza chuo kidogo cha Trinity kuwa Duke University, mojawapo ya vyuo vikuu vinavyoheshimika zaidi Marekani. Chuo hicho kilichojengwa kwa fedha za tumbaku kilipiga marufuku uvutaji wa sigara katika viwanja vyake kuanzia Julai 1, 2020. Wasomi wake walikuwa wametibu saratani ya mapafu kwa miaka mingi mno wasiweze kuendelea kunyamaza.

Hatua ya tatu ni ya juzi tu. Mwaka 2005, katika Chuo Kikuu cha Stanford, wanafunzi wawili wa shahada ya uzamili katika usanifu wa bidhaa, James Monsees na Adam Bowen, waliwasilisha mradi wao wa mwisho. Wote wawili walikuwa wavutaji, na walitaka kifaa kitakachompa mtu nikotini bila kuchoma jani. Mradi huo ulizaa kampuni, na Juni 2015 kampuni hiyo ikatoa kifaa chembamba kinachofanana na flashi ya kompyuta. Kikaitwa Juul.

Hawakuwa wa kwanza kuwaza hivyo. Mmarekani Herbert Gilbert alipata hataza ya sigara isiyo na moshi mwaka 1965, lakini hakupata wa kuitengeneza. Sigara ya kielektroniki tunayoijua leo ilibuniwa mwaka 2003 na mfamasia wa China, Hon Lik, mvutaji ambaye baba yake aliuawa na saratani ya mapafu. Nia yake ilikuwa njema, na nasema hivyo kwa dhati. Kilichofuata baada ya kifaa kutoka mikononi mwake ni habari nyingine.

Je, wajua kuwa siri ya Juul ilikuwa imeshafichwa ndani ya mabani ya Tabora?

Hapa inabidi twende taratibu, maana hili ndilo jambo ambalo watu wengi hawalijui kabisa.

Nikotini ikiwa katika hali yake ya asili ina tabia ya alikali, yaani si ya asidi, na moshi wenye tabia hiyo hukwaruza koo. Ndiyo maana wavutaji wa kiko na wa sigara kubwa za Cuba huupitisha moshi mdomoni na kuutoa. Wakiumeza, watakohoa. Kwa karne nyingi koo la binadamu lilikuwa mlinzi wa mapafu yake.

Inasimuliwa kwamba mwaka 1839, katika wilaya ya Caswell, North Carolina, mtumwa aliyeitwa Stephen alikuwa akichunga moto wa kukaushia tumbaku ya bwana wake, Abisha Slade. Usingizi ukamchukua. Alipozinduka moto ulikuwa unakaribia kuzimika, akautia makaa ya moto mkali, na majani yakakauka yakiwa na rangi ya manjano inayong'aa. Kukaushia kwa joto namna hiyo hubakiza sukari nyingi ndani ya jani, na sukari hiyo ikiungua huufanya moshi uwe na asidi kidogo. Moshi wa aina hiyo haukwaruzi. Unashuka hadi ndani kabisa ya mapafu, na kutoka huko nikotini huufikia ubongo kwa sekunde zisizozidi 20.

Wakulima wa Urambo, Sikonge na Kaliua, mkoani Tabora, wanaifahamu tumbaku hiyo kwa jina la tumbaku ya mvuke, tofauti na tumbaku ya moshi inayolimwa upande wa Ruvuma. Urambo yenyewe iliingia kwenye zao hilo mwanzoni mwa miaka ya 1950, baada ya mpango mkubwa wa Waingereza wa kulima karanga kuanguka vibaya. Kila bani, yaani banda la kukaushia tumbaku, unaloliona huko linafanya kazi ileile ya makaa ya Stephen.

Wahandisi wa Juul walifika mahali hapohapo kwa njia ya maabara. Vifaa vya kielektroniki vya mwanzo vilikuwa na nikotini ya kawaida, na ukiizidisha inakwaruza, kwa hiyo mtu hakuweza kuvuta nyingi. Wao wakaichanganya na asidi ya benzoiki ikawa chumvi ya nikotini. Ukali wa koo ukapotea, na wakaweza kuijaza hadi miligramu 59 kwa mililita. Umoja wa Ulaya hauruhusu zaidi ya miligramu 20. Kijana ambaye hajawahi kuvuta chochote aliweka kifaa mdomoni, akasikia ladha ya embe au mnanaa, hakukohoa hata mara moja, akaamini kwamba kitu kisichouma hakidhuru. Kikohozi cha sigara ya kwanza kiliwahi kuwaokoa vijana wengi, yeye hakukipata.

Matokeo yalionekana upesi. Mwaka 2019 asilimia 27.5 ya wanafunzi wa sekondari ya juu Marekani walisema wametumia sigara ya kielektroniki ndani ya siku 30 zilizopita. Ndio hao walioingia vyuoni miaka iliyofuata wakiwa tayari wamefungwa. Desemba 2018 kampuni ya Altria, inayotengeneza Marlboro kwa soko la Marekani, ilikuwa imelipa dola bilioni 12.8 ili kupata asilimia 35 ya Juul. Mwaka mmoja baadaye nchi hiyo ilipandisha umri wa kuuziwa tumbaku na nikotini kutoka miaka 18 hadi 21. Mwaka 2022 Juul ikakubali kuyalipa majimbo zaidi ya 30 dola milioni 438.5 kwa namna ilivyowauzia vijana.

Kufikia mwaka 2024 ile asilimia 27.5 ilikuwa imeshuka hadi 7.8. Nalitaja hilo kwa makusudi, kwa kuwa wapo wanaosema vijana hawasikii. Walipoambiwa ukweli, na sheria ikasimama, walisikia.

Je, wajua kuwa theluthi mbili ya wanaojaribu sigara hata moja huishia kuvuta kila siku?

Mwaka 2018 watafiti wa London walikusanya takwimu za watu zaidi ya 215,000 kutoka tafiti mbalimbali, wakauliza swali rahisi: kati ya waliowahi kujaribu sigara hata moja, wangapi walifikia kuvuta kila siku, hata kama ni kwa muda? Jibu lilikuwa karibu asilimia 69. Kwa hiyo sigara anayoonjeshwa mwanafunzi kwenye sherehe ya kukaribisha mwaka wa kwanza si mchezo wa usiku mmoja.

Sababu iko kichwani. Ubongo wa binadamu huendelea kukomaa hadi kufikia miaka 25 hivi, na sehemu inayochelewa kuliko zote ni ile ya mbele, inayopima faida na hasara na kumzuia mtu. Nikotini hubisha hodi kwenye vipokezi ambavyo ubongo uliviweka kwa kazi yake yenyewe ya kuwa makini na kujifunza. Ubongo ukiona vipokezi hivyo vinagongwa kila saa, huongeza vingine, na kila kilichoongezwa hudai chake. Mtu wa miaka 19 anajengwa upya na kitu hicho akiwa bado hajamaliza kujengwa.

Kuhusu mitihani na "stresi"

Pita kwenye vimbweta vya kujisomea vya Mlimani, Dar es Salaam, usiku wa wiki ya mitihani, au kwenye hosteli za chuo chochote cha Nairobi au Kampala, utasikia maneno yaleyale: navuta ili nitulie, akili ikae sawa. Wanaosema hivyo hawadanganyi. Wanatulia kweli. Swali ni nini kilichowavuruga.

Nusu ya nikotini iliyomo mwilini huondoka kwa saa mbili hivi. Inapopungua, mtu huanza kuwa na wasiwasi, hasira za karibu, na macho yanayosoma ukurasa mmoja mara tatu bila kushika kitu. Akivuta, hali hiyo hutoweka kwa dakika chache, naye huishukuru sigara. Hajui kwamba mwenzake asiyevuta, aliyekaa kimbweta cha pili akiogopa mtihani uleule na sapu ileile ya kurudia mtihani, hakuwa na mvurugo huo tangu mwanzo. Mwaka 2014 jarida la madaktari la Uingereza, BMJ, lilichapisha uchambuzi wa tafiti 26 zilizolinganisha watu kabla na baada ya kuacha sigara. Walioacha walikuwa na wasiwasi, huzuni na msongo kidogo kuliko walioendelea. Hata wenye matatizo ya afya ya akili walipata nafuu. Kama kuna jambo moja ningependa mlezi wa wanafunzi alichukue katika ukurasa huu, ni hilo.

Je, wajua kuwa maji ya shisha hayasafishi moshi?

Maji huupoza tu. Moshi uliopoa huvutwa kwa pumzi ndefu, na kikao cha shisha huchukua saa nzima au zaidi. Wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walikadiria kwamba katika kikao cha saa moja mtu huweza kuvuta ujazo wa moshi mara 100 hadi 200 ya ule wa sigara moja. Juu ya hapo kuna makaa yanayowaka, yanayotoa gesi ya monoksidi ya kaboni. Hiyo haina harufu wala rangi, na maji hayaishiki. Ndiyo inayowaletea wengine kizunguzungu na kuanguka, wakidhani ni "stimu". Na ule mrija unaopita mdomo hadi mdomo hupitisha na magonjwa.

Serikali za kanda hii zilichukua hatua karibu kwa pamoja. Tanzania ilipiga marufuku shisha Julai 2016. Rwanda na Kenya zikafuata Desemba 2017. Uganda iliijumuisha katika sheria yake ya tumbaku ya 2015. Hata hivyo mwenye kutembea usiku katika miji yetu anajua kwamba marufuku na utekelezaji ni vitu viwili.

Ng'ambo ya bahari, katika Falme za Kiarabu, vijana wengi wa vyuoni wana kiko kidogo kiitwacho medwakh, wanachokijaza chembe za tumbaku ya dokha. Ni pumzi moja au mbili tu, lakini zina nikotini kali kiasi cha kumlaza mgeni. Wanafunzi wa kwetu wanaokwenda kusoma Dubai au Sharjah wajue hilo kabla ya kukaribishwa.

Je, wajua nchi ya Afrika Mashariki iliyotangulia Marekani?

Ni Uganda. Sheria yake ya kudhibiti tumbaku, iliyoanza kutumika mwaka 2016, iliweka umri wa kununua kuwa miaka 21, zaidi ya miaka mitatu kabla ya Marekani kufanya hivyo kwa nchi nzima. Ilipiga marufuku pia sigara za kielektroniki. Kampuni ya sigara ya British American Tobacco (BAT) ilikwenda Mahakama ya Katiba kuipinga, na mwaka 2019 ikashindwa.

Kenya ilikuwa na sheria yake tangu 2007. Miongoni mwa mambo iliyokataza ni kuuza sigara mojamoja: pakiti isipungue sigara 10. Kifungu hicho kilikuwa na akili sana, kwa sababu mwanafunzi asiye na kitu mfukoni hanunui pakiti. Hununua fegi moja, pamoja na peremende ya kuficha harufu. Anayeuza mojamoja ndiye anayemfungulia mlango. Lakini nenda kibandani leo ukaone pakiti ilivyofunguliwa juu ya meza, na kibiriti kimefungwa kwa uzi pembeni.

Mwaka 2019 ilikuja Kenya bidhaa mpya: vifuko vidogo vyeupe vya nikotini, vya kubana kati ya fizi na mdomo, kwa jina la Lyft. Havina moshi, havina harufu, havina majivu. Mwanafunzi anaweza kukaa na kimoja mdomoni mbele ya mhadhiri. Vilikuwa vimesajiliwa chini ya sheria ya dawa, na mwaka 2020 Waziri wa Afya, Mutahi Kagwe, alisema usajili huo ulikuwa kinyume cha sheria. Vikaondolewa, kisha mwaka 2022 vikarudi sokoni kwa jina la Velo. Sheria ya 2007 iliandikwa ikiwazia moshi. Bidhaa zimehama kutoka kwenye moshi, na sheria inazifuata kwa nyuma.

Mvuke usio wa maji

Wingu linalotoka kwenye sigara ya kielektroniki si mvuke wa maji ya kuchemka. Ni matone madogo sana ya propilini glikoli na gliserini, pamoja na nikotini na kemikali za ladha. Kimiminika hicho kikichomwa na waya wa moto hutoa pia kiasi cha formaldehidi, na waya wenyewe huweza kuacha chembe za nikeli na risasi. Ladha nyingi kati ya hizo zimeruhusiwa kuliwa. Tumbo lina asidi na ini la kuchuja. Mapafu hayana kitu cha aina hiyo.

Mwaka 2019 Marekani ilipatwa na mlipuko wa ugonjwa wa mapafu miongoni mwa watumiaji wa vifaa hivi, wengi wao vijana. Hadi Februari 2020 watu 2,807 walikuwa wamelazwa au wamekufa, na vifo vilivyothibitishwa vilikuwa 68. Chanzo kikuu kilichobainika ni mafuta ya asetati ya vitamini E, yaliyochanganywa hasa kwenye bidhaa za bangi za kununuliwa vichochoroni. Ni haki kusema hivyo, maana wapo wanaolisimulia tukio lile kana kwamba kila sigara ya kielektroniki iliua.

Haki nyingine ni hii. Tafiti zilizokusanywa na mtandao wa watafiti wa afya wa Cochrane zinaonyesha kwamba mvutaji wa siku nyingi akihamia sigara ya kielektroniki yenye nikotini, uwezekano wa kuacha ile ya moto ni mkubwa kuliko akitumia viraka au ubani wa nikotini. Mzee wa miaka 50 aliyevuta pakiti kwa siku kwa miaka 30 amepunguza hatari. Lakini binti wa miaka 19 ambaye hakuwahi kuvuta chochote hana cha kupunguza. Kwake yeye kila pumzi ni nyongeza. Hao ni watu wawili tofauti, na tangazo linaloonyesha kifaa cha rangi ya waridi chenye ladha ya tikitimaji halikuandaliwa kwa ajili ya yule mzee. Mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba watu zaidi ya milioni 100 duniani wanatumia sigara za kielektroniki, na kati yao angalau milioni 15 ni watoto wa miaka 13 hadi 15.

Je, wajua kuwa wasiovuta ndio wengi, tena kwa mbali?

Utafiti wa kitaifa wa Tanzania wa mwaka 2018 ulikuta kwamba wanaotumia tumbaku ya aina yoyote, kuanzia miaka 15 na kuendelea, ni asilimia 8.7. Kenya, mwaka 2014, walikuwa asilimia 11.6. Kwa maneno mengine, katika darasa lenye watu 100, zaidi ya 85 hawatumii. Mvutaji huonekana kwa kuwa ana moshi. Asiyevuta hana kitu cha kuonyesha, kwa hiyo mgeni wa chuo hudhani kila mtu anavuta. Kampuni zinazisoma takwimu hizohizo na kuona soko ambalo halijajaa.

Soko hilo hulishwa na wakulima. Wapo wasomi wengi waliolipiwa ada kwa fedha za kilimo cha tumbaku, na sina neno la kuwabeza wazazi wao. Lakini kilimo hicho kina gharama yake: mchumaji wa majani mabichi yenye umande hufyonza nikotini kwa ngozi, akapata kichefuchefu na kutapika bila kuvuta hata sigara moja. Huko Migori, Kenya, mashirika ya Umoja wa Mataifa pamoja na serikali yamewasaidia wakulima kuhama kutoka tumbaku na kupanda maharagwe yenye madini mengi ya chuma, huku wakihakikishiwa mnunuzi. Mnunuzi ndiye aliyekuwa akiwafunga kwenye tumbaku. Alipopatikana mwingine, walihama.

Je, wajua kuwa anayeacha kabla ya miaka 30 hurudishiwa karibu kila kitu?

Mwaka 1951 Waingereza wawili, Richard Doll na Austin Bradford Hill, waliwaandikia madaktari wa nchi yao wakiwauliza kama wanavuta. Kisha wakakaa wakingoja. Waliwafuatilia madaktari wanaume 34,439 mwaka hadi mwaka, wakiandika nani anavuta, nani ameacha, nani amekufa na kwa nini. Doll mwenyewe alikuwa ameacha sigara alipoona matokeo ya kwanza ya utafiti wake kuhusu saratani ya mapafu. Alichapisha matokeo ya miaka 50 mwaka 2004, akiwa na miaka 91.

Wavutaji walipoteza kama miaka 10 ya maisha wakilinganishwa na wasiovuta. Aliyeacha akiwa na miaka 60 alirudishiwa miaka 3. Aliyeacha akiwa na 50 alirudishiwa 6, aliyeacha akiwa na 40 alirudishiwa 9, na aliyeacha akiwa na 30 alirudishiwa karibu yote 10. Kwa mwanafunzi anayesoma haya na kidole chake kina rangi ya moshi, hiyo ni habari njema: deni hilo la miaka hufutwa kwa atakayewahi.

Katika kuacha, siku ya pili na ya tatu ndizo ngumu kuliko zote. Baada ya wiki tatu au nne hamu hupungua sana, na kila hamu ikija huwa ya dakika chache. Kwa hiyo inafaa mtu asianze wiki ya mitihani wala wiki ya sherehe. Kenya kuna namba ya bure ya NACADA, mamlaka ya kupambana na dawa za kulevya, 1192, kwa anayetaka kuzungumza na mtu kuhusu uraibu wowote.

Kuna na jambo moja ambalo wengi hawaambiwi. Moshi wa sigara huliharakisha ini kuondoa kafeini, kwa hiyo mvutaji huhitaji vikombe vingi vya kahawa ili akeshe. Akiacha sigara, ini hurudi kwenye mwendo wake, na vikombe vilevile huweza kupandisha kafeini mwilini karibu maradufu. Mikono hutetemeka, moyo humwenda mbio, usingizi humkimbia, naye hudhani ni sigara inayomwita. Anayeacha sigara yenye moshi apunguze kahawa hadi nusu kuanzia siku ya kwanza, na vinywaji vya kuongeza nguvu vilevile.